Mipersimoni miwili iliyokwisha hukumiwa kukatwa

Nilipofika, msumeno ulikuwa umeshaazimwa na umeegemezwa ukutani. Mzee hakuniita ili nimshauri. Aliniita ili nimwambie kwamba anachotaka kufanya ni sawa. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na mipersimoni miwili ya miaka sita, na kando yake shimo ambalo mti wa tatu uliwahi kupandwa ukang'olewa. Ule wa ukutani ulitoa maua ya kuhesabu, na vitunda vyake vilipukutika kabla havijafikia ukubwa wa limau. Ule wa upande wa chini ulizaa mpaka ukavunjika matawi, ila matunda yake, kwa maneno yake mwenyewe, "hata mbuzi angeyatema." Wa tatu, aliamini, uliozea mizizi ardhini.

"Miaka sita, mwanangu," akasema. "Miaka sita nalisha miti isiyonilisha."

Nililidaka hilo neno la kulisha, nikaliweka akiba.

Kwa asiyeujua mti huu: mpersimoni unaopandwa zaidi bustanini ni Diospyros kaki, wenye asili ya China, uliokuzwa kwa karne nyingi huko na katika Japani na Korea. Tunda lake wengine huliita kaki, na jina hilo halina undugu na kaki ya nguo: la tunda ni la Kijapani, la nguo limetokana na neno la Kiajemi la vumbi. Mti wenyewe ni wa ukoo wa abanusi. Hupukutisha majani na kulala msimu wa baridi, lakini baridi unayoidai ni kidogo. Kipimo kinachotajwa mara nyingi ni saa 100 hadi 200 za chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, ambazo kwa aina nyingi za tufaha hazitoshi kitu. Ndugu yake wa Marekani, Diospyros virginiana, huvumilia baridi kali zaidi na huzaa matunda madogo. Miti ya mzee yote miwili ilikuwa ya kaki.

Lebo zilishapotea. Aliyemuuzia miche alimwambia yote ni persimoni, haina tofauti. Kauli hiyo peke yake ilizaa nusu ya kesi hii.

Mti wa chini

Nilianza na huu kwa sababu ulikuwa na matunda. Yalikuwa na umbo la pia, yamechongoka chini, rangi ya chungwa iliyokolea, na kila moja limevaa kofia yake ya majani manne ya kijani pale kwenye kikonyo. Nikamuuliza mzee anayalaje.

"Kama tufaha. Nachuma, nafuta, nauma."

Nikachuma moja gumu, nikalikata katikati kwa upana. Ndani kulikuwa na ile nyota ya pembe nane ambayo kila persimoni hubeba, nyama yake imeng'aa, hakuna mbegu. Nikagusisha ulimi tu. Ukakasi wa tunda hili si kama wa ndizi mbichi. Huo ni salamu. Hapa ulimi unakuwa kama umepakwa chaki iliyochanganywa na gundi, mashavu yanajivuta ndani, na maji hayakusaidii. Sababu ni tanini zilizoyeyuka ndani ya tunda, ambazo hushikana na protini za mate na kuyanyang'anya utelezi wake. Sukari imo tele wakati huohuo, lakini ulimi hauwezi kuifikia.

Halafu nikatafuta ndani ya majani. Karibu na shina palikuwa na tunda moja lililosahauliwa, limelegea kama mfuko wa maji, ngozi yake inapitisha mwanga, na ndege ameshalidonoa upande mmoja.

"Hilo limeoza," mzee akasema.

Nikaomba kijiko. Nikakata upande ule wa ndege nikautupa, nikachota upande mzima na kumpa mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni akitutazama kwa mashaka. Akaonja. Akachukua kijiko mkononi mwangu. "Baba," akasema akimgeukia mumewe, "hivi ndivyo tunavyovitupa kwenye mboji miaka mitatu sasa?"

Kiswahili kina maneno mawili ambayo yangemwokoa mzee: kukomaa na kuiva. Tunda la mti huu hukomaa mtini, likapata rangi na ukubwa wake wote, huku likiwa bado mbali na kuiva. Ukila lililokomaa umekula tanini. Ukingoja mpaka lilegee kabisa, tanini zilezile huungana na kuwa mafundo makubwa yasiyoyeyuka mateni. Hazijatoka, zimefungwa, na ulimi hauzioni tena. Kazi ya mwenye bustani ni kuchuma likiwa limekomaa na kulivundika ndani, kama anavyovundika ndizi, hasa ukiliweka kwenye mfuko pamoja na tufaha au ndizi mbivu zinazotoa ile gesi ya kuivisha, ethilini. Kulimenya na kulianika likauke pia huondoa ukakasi. Hata kuligandisha kwenye friza usiku kucha husaidia. Usilisubiri liivie mtini lote, maana ndege hawana subira kama yako.

Aina hii ya umbo la pia mara nyingi ni Hachiya au jamaa zake, na sikuona haja ya kwenda mbali zaidi kutafuta jina. Ila tahadhari: umbo halitoshi kuamua. Wengi hufundishwa kwamba lililochongoka lina ukakasi na lililobonyea kama nyanya halina. Triumph limebonyea, na ukilila gumu utajuta. Kipimo cha kweli ni ulimi wako na tunda gumu moja.

Mzee aliuliza kama tunaweza kuubebesha upya kwa aina isiyo na ukakasi, yaani kukata matawi na kupachika vipandikizi vya mti mwingine. Inawezekana. Nilimkataza. Angepoteza misimu kadhaa ya mti ambao tayari unazaa bila kubembelezwa, kwa sababu tu alikuwa anaula mapema mno. Tena, hili ni la ladha yangu: tunda la ukakasi likiiva lina utamu mzito ambao yale ya kuliwa magumu hayaufikii. Nikiambiwa nibaki na mti mmoja, ningebaki na huu.

Tatizo lake halisi lilikuwa jingine, na mzee alikuwa amelitaja kwa kupita tu: matawi kuvunjika. Mbao za mpersimoni ni ngumu lakini ni kavu, hazipindi. Zikielemewa hukatika ghafla, mara nyingi kwenye panda. Mti ulikuwa umebeba kila tunda uliloweza mwaka mmoja, ukapumzika mwaka uliofuata, kisha ukavunjika mwaka wa tatu. Dawa ni kupunguza matunda yakiwa bado machanga, baada ya lile anguko la kawaida la mwanzo wa msimu, ukiacha moja au mawili kwa kila chipukizi. Nilimwonyesha kwa vidole tawi lililokuwa na sita mahali pa mawili. Akatazama kama daktari amemwambia akatwe mguu.

Mti wa ukutani

Huu ulikuwa mzuri kuliko wote. Hapo ndipo penye kisa.

Majani yake yalikuwa makubwa, ya kijani kilichokaribia weusi, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Nilipima machipukizi ya msimu ule kwa mkono: mengi yalizidi mita moja. Mpersimoni uliokwisha shika ardhi ukiongeza takriban sentimita 30 kwa mwaka unatosha, hauhitaji msaada. Huu ulikuwa unakimbia. Chini yake palikuwa na kilima cha samadi kimegusa shina, na mzee akanieleza kwa fahari kwamba huongeza mara mbili kwa mwaka, na kila matunda yakidondoka huongeza ngumi chache za urea "ili upate nguvu ya kushika."

Nilikaa kimya kidogo. Mti ulikuwa umebanwa kwenye mduara: vitunda vinadondoka, mzee anatia mbolea; naitrojeni inaingia, mti unaona heri kurefusha matawi kuliko kulea matunda; vitunda vinadondoka zaidi; mzee anatia zaidi. Kwa miti mingi ya matunda kosa hili hugharimu ladha au rangi. Mpersimoni huudhika haraka, na huudhika kwa namna moja: unaangusha.

Hilo lilieleza kudondoka. Halikueleza kwa nini maua yalikuwa machache tangu mwanzo.

Nikatazama juu. Kila tawi lilikuwa na ncha iliyokatwa, makovu yamejipanga kwenye kimo kimoja kama ua la uzio lililonyolewa. "Huwa unaupogoa?" Kila mwaka, akasema, ukiwa umelala, anakata ncha zote ili utanuke. Aliona mahali wakifanya hivyo kwa mizabibu.

Mzabibu hauna shida na hilo. Mpersimoni hubeba maua kwenye machipukizi mapya, ndiyo, lakini machipukizi yale yenye maua hutoka kwenye macho machache ya mwishoni kabisa mwa tawi la mwaka uliopita. Yaani maua ya msimu ujao yanalala kwenye ncha. Mzee alikuwa anayakata yote kwa mkasi kila mwaka, kisha yale machache yaliyoponea kwenye vitawi vifupi vya ndani, ambako mkasi haukufika, anayadondosha kwa urea. Mti ulikuwa unaadhibiwa mara mbili, na adhabu zote mbili zilitolewa kwa upendo.

Kupogoa mpersimoni kupo, lakini ni kwa kuondoa tawi zima kuanzia shinani: lililokufa, linalosuguana na jingine, linaloziba mwanga wa katikati. Ukitaka kuushusha mti, ondoa tawi moja refu mwaka huu na jingine mwaka ujao. Usipunguze ncha za matawi yote kwa mkupuo.

Jirani alikuwa amempa mzee maelezo mengine: kwamba mti huo ni dume, au hauna dume wa kuuchavusha. Dhana hii inastahili kujibiwa vizuri kwa sababu ina ukweli nusu. Ipo mipersimoni yenye maua dume, na kwa ule wa Marekani mara nyingi mti mmoja ni dume na mwingine jike. Lakini ua dume la mpersimoni ni dogo na huja kwa makundi ya matatu, na ua jike huja moja peke yake, limekaa kwenye kofia kubwa ya majani manne. Mzee alikumbuka kofia hizo vizuri, maana alizifagia kila mwaka. Tena aina nyingi za kaki huzaa bila kuchavushwa, ndiyo maana matunda hayana mbegu. Uchavushaji unaweza kusaidia baadhi ya aina kushika matunda, kwa gharama ya kuyajaza mbegu. Kuna pia kundi la katikati, ambalo tunda likichavushwa na kupata mbegu nyama yake hubadilika kuwa ya kahawia na kupoteza ukakasi, na lisipochavushwa hubaki na ukakasi. Wenye miti hiyo ndio wanaohitaji dume kweli. Kwa mti wa mzee kununua dume kungekuwa kutibu jino kwa kunyoa nywele.

Nilijuaje kwamba si wa kundi hilo? Mwaka mmoja uliopita tunda moja, moja tu, lilifika mwisho. Mkewe alilikumbuka: limebonyea, lenye pembe nne zisizo kali, akalila gumu likakatika kwa meno kama tufaha, tamu, halina mbegu. Hiyo ni tabia ya Fuyu na wenzake, yasiyo na ukakasi kuanzia mtini. Na mahali pake palikuwa sahihi kwa bahati: matunda ya kundi hili yanataka joto la kutosha mwishoni mwa msimu ili ukakasi utoke wenyewe, na ukuta ule ulipokea jua la alasiri mpaka lichwe. Ungepandwa kule chini penye kivuli, huenda mzee angekuwa na lalamiko jingine.

Nikamwandikia mambo matatu kwenye kipande cha karatasi. Ondoa samadi yote iliyogusa shina, na usitie mbolea yoyote msimu ujao. Mkasi usiuguse mti huu wakati wa kulala. Maji yawe ya mpangilio, mengi kila baada ya siku chache, na matandazo juu ya udongo, si kusahau wiki tatu kisha kufurika. Maana ukavu wa ghafla nao huangusha vitunda. Alisoma, akaniuliza: "Kwa hiyo nisifanye kitu?" Nikamwambia huo ndio mtihani.

Shimo tupu

Tulipokuwa tunarudi nikauliza ule wa tatu ulikufaje. Aliupanda ukiwa umelala, mizizi mitupu bila udongo. Wenzake wa aina nyingine aliowapanda wiki hiyo wakachanua. Huu wiki ya nne kimya, wiki ya nane kimya. Akauchimbua aone. Mizizi ilikuwa myeusi tititi, akajua imeoza.

"Ilikuwa laini?"

"Hapana. Niliivuta kwa mikono miwili."

"Ilinuka?"

Akafikiri. "Haikunuka."

Nikachukua jembe dogo, nikafukua kwa uangalifu sentimita chache chini ya ule mti wa chini, ule unaozaa mpaka kuvunjika. Mizizi yake ilikuwa myeusi tititi. Mizizi ya mpersimoni huwa na ngozi nyeusi ikiwa hai na yenye afya. Na mche wa mizizi mitupu huweza kukaa wiki nyingi bila jani, hasa ule wenye mzizi mkuu mrefu na vinyweleo vichache, kama ilivyo kwa miche mingi ya kaki. Mzee aliing'oa miti mitatu kichwani mwake, lakini huo mmoja aliung'oa kwa mikono, na ulikuwa hai. Hakusema neno. Alirudisha udongo kwa kiganja, akaupigapiga taratibu kama anamfunika mtoto.

Alitaka kujaza shimo. Hapo palikuwa na swali ambalo wanunuzi wengi hawaulizi: si aina ya tunda tu, bali mche umebebeshwa juu ya mzizi wa nani. Pembe ile ndiyo ya chini kabisa bustanini, na mvua ikinyesha maji husimama. Mzizi wa kaki yenyewe hukubaliana na kila aina lakini hauyapendi maji yaliyotuama. Mzizi wa Diospyros lotus, ndugu mwingine wa kaki, huvumilia baridi na ukavu, ila baadhi ya aina zisizo na ukakasi, Fuyu ikiwamo, hugombana nao. Mti unaweza kukua miaka kadhaa kisha ukadhoofika kwenye kiungo. Mzizi wa Diospyros virginiana unastahimili unyevu zaidi, na ada yake ni maotea yanayochipua mbali na shina ambayo utayang'oa maisha yako yote. Kwa pembe ile nilichagua wa tatu na maotea yake, na nikamwambia apande juu ya tuta badala ya shimoni. Kuotesha mbegu nilikukataa kabisa: mche wa mbegu haufuati mama yake, unaweza kutoka dume, na unachelewa miaka mingi, wakati uliobebeshwa mara nyingi huanza kuzaa kati ya mwaka wa tatu na wa tano.

Yaliyofuata

Nilikosea jambo moja, na ni haki niliseme. Nilimwahidi kwamba mti wa ukutani ungeshika matunda msimu uleule wa kwanza. Maua yalikuja tele, kila ncha iliyoachwa ikatoa kofia zake. Kisha vikaanza kudondoka. Mzee alinipigia simu asubuhi akinisomea idadi aliyofagia, siku tatu mfululizo, kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya msiba. Sikuzingatia kwamba samadi ya miaka mitano haiondoki kwa kuondoa kilima. Ile iliyokwisha ingia udongoni huendelea kuoza na kutoa naitrojeni polepole. Machipukizi bado yalikuwa marefu, ingawa si ya mita. Yakabaki matunda 19. Aliyahesabu kila jioni, na yote 19 yakafika. Msimu wa pili, machipukizi yakiwa yameshuka hadi urefu wa mkono mmoja, matunda yakapita 70 na akaacha kuhesabu.

Mti wa chini alipunguza matunda mwenyewe, kwa shingo upande, na mwaka wa kwanza aliacha manne pale nilipomwambia mawili. Tawi moja likavunjika. Mwaka uliofuata aliacha mawili. Mkewe sasa ndiye mwenye mamlaka ya uvunaji: anakata kikonyo kwa mkasi, havuti, kofia inabaki kwenye tunda, na anayapanga kofia chini kwenye trei dirishani. Kila asubuhi anayabonyeza kwa kidole gumba. Mzee haruhusiwi kuyagusa.

Msumeno ulirudishwa kwa mwenyewe.

Mche mpya ulipandwa tutani wakati wa kulala, na wiki ya saba simu ikalia. "Hakuna jani, mwanangu." Nikamwambia akwangue gome kwa ukucha, kidogo tu, aniambie anaona nini. Nikasikia nyayo zake kwenye majani makavu, kisha kimya, kisha: "Kijani." Wiki ya tisa alinitumia picha. Ilikuwa imetikisika, kidole chake kimewekwa kando ya shina kwa kipimo, na pembeni ya ukucha kuna chipukizi moja la kijani mpauko, dogo kuliko ukucha wenyewe.